Beta Pictoris au TW Hydrae: nyota ipi uitafute kutoka Mbeya?

Kama huna darubini, chagua Beta Pictoris, miaka ya nuru 63 kutoka kwetu. Mwishoni mwa Septemba, saa 11 alfajiri bila mbalamwezi, tazama kusini: iko vidole vitatu, mkono ukiwa umenyooshwa, juu kulia kwa Suheli (nyota ang'avu Canopus). Sahani yake, yaani duara bapa linaloizunguka, iliyopigwa picha mwaka 1984, ni vumbi la miamba inayogongana. Gesi imebaki kidogo.

Sahani yenye gesi tele, inayofinyanga sayari hasa, ni ya TW Hydrae. Darubini za redio za ALMA, Chile, ilionyesha mapengo yake mwaka 2016. Lakini mng'ao wa nyota hiyo ni daraja la 11 (namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu): inahitaji darubini ya milimita 100 au zaidi, katikati ya Mei, saa 2 usiku. Funika lenzi usipoangalia, umande wa Uyole hauna huruma. Sahani zenyewe hutaziona, hata ukipanda mlima Loleza.