Mikisa ya mtumba niliyoileta Pemba: uzoefu wangu na ATEM Television Studio HD

Kwetu nikaha inasomwa msikitini mbele ya wanaume, na bibi harusi anakuwa nyumbani au ukumbini na mama zake. Habari huwafikia kwa simu, "tayari", ndipo vigelegele vinapopigwa. Miaka yote niliyopiga video za harusi hapa Chake Chake nimesikia ombi lile lile kutoka kwa mama wa bibi harusi: "Mwanangu, huwezi kutuonesha na sisi bwana harusi anavyojibu?" Mikisa hii, yaani mashine inayopokea picha za kamera kadhaa na kukuachia uchague ipi ionekane, niliinunua kwa ajili ya ombi hilo, na kwa kazi hiyo ndiyo nitaipima.

Ni ATEM Television Studio HD ya Blackmagic Design, ile iliyotoka 2017 ikiuzwa dola 995. Yangu ni ya mtumba. Niliikuta Unguja kwenye studio moja iliyokuwa inabadilisha vifaa, tukaafikiana shilingi 1,400,000, nikaipakata mapajani kwenye boti hadi bandari ya Mkoani, Pemba. Sikutaka hata kidogo iingie kwenye mizigo.

Iko ile ndogo, ATEM Mini ya 2019, ambayo ni ya bei nafuu zaidi. Niliiacha kwa sababu ya waya. Mini ina matundu manne ya kuingizia picha, yote ya HDMI, kama yale ya televisheni za nyumbani, na waya wa kawaida wa HDMI ukishapita mita 10 au 15 picha huanza kukatika. Kutoka ndani ya msikiti hadi wanakokaa wanawake mara nyingi ni mita 60 au 70: dirishani, juu ya kichochoro, chini ya mlango. Hii yangu ina manne ya HDMI na manne ya SDI, njia ya kupitisha picha inayotumika studio. SDI inapita kwenye waya mmoja wa koaksi wenye kichwa cha BNC, unakitia, unakizungusha, kimejifunga, hata mtoto akijikwaa hakichomoki. Kwa picha ya HD na waya mzuri unafika kiasi cha mita 100. Tena waya mzuri wa dishi, huu tunaouona kwenye mapaa ya nyumba, ni wa omu 75, ndio hasa unaotakiwa na SDI. Fundi wangu alinitilia vichwa vya BNC kwenye roli zima la waya wa dishi na picha inafika safi. Kamera zangu za msikitini zina HDMI tu, kwa hiyo kila moja ina kiboksi kidogo cha kugeuza HDMI kuwa SDI, na viboksi hivyo vihesabuni kwenye bei.

Harusi ya kwanza ilikuwa nje kidogo ya mji. Kijana wetu na nduguye walisimama msikitini na kamera mbili; mimi na wasichana wawili tulikuwa na mashine upande wa wanawake, projekta imeelekezwa kwenye shuka jeupe. Sheikh alipoanza khutba ukumbi mzima ulinyamaza, hata waliokuwa jikoni walitoka na miko mikononi. Bwana harusi alipojibu "nimekubali", mama wa bibi harusi alishika shuka la ukutani kama anayeshika uso wa mtu. Mimi nilikuwa nabonyeza vitufe huku machozi yananitoka. Kwa mtu wa kazi yangu hicho ndicho kipimo, na kwa kipimo hicho mashine imefaulu.

Kitu ninachokipenda zaidi humu ndani ni lile tundu la kutolea picha linaloitwa AUX. Projekta inaonesha msikiti, na wakati huo huo AUX inapeleka kamera ya upande wa wanawake kwenye kinasa chake peke yake. Picha za wanawake haziendi popote. Hakuna waya unaorudi msikitini, na kadi ya kumbukumbu namkabidhi mama wa bibi harusi usiku ule ule, mkononi. Kwa harusi zetu mashine yenye njia moja tu ya kutolea picha ni fitina.

Sasa mambo yaliyonitesa.

Mashine hii haibadilishi umbo la picha inayoingia. Kila kamera lazima itoe picha ya aina moja na kasi moja, la sivyo tundu hilo linakuwa jeusi. Jambo hili limeandikwa wazi kwenye maelezo yake, mimi ndiye sikulisoma kwa makini. Mimi nafanya kazi kwa 1080i50, yaani picha ya HD kwa kasi ya 50. Siku moja niliazima kamera iliyotoka Marekani, imewekwa 59.94 kama ilivyo kawaida ya huko, na nikahangaika nusu saa nikidhani waya umekufa. Kamera nyingi kasi hiyo inabadilishika kwenye menyu. Na 50 ndiyo inayotufaa hata bila mashine hii, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50: ukiweka shata ya kamera 1/60 ya sekunde chini ya taa za mirija mwanga unapepesa kwenye picha nzima, ukiweka 1/50 au 1/100 unatulia. Laptopu nazo kwa kawaida hutoa hezi 60. Yangu ilikubali kuwekwa 1080i50, ya mwenzangu ilikataa kabisa, ikabidi tununue kiboksi cha kubadilisha picha. ATEM Mini hiyo kazi inaifanya yenyewe kwenye kila tundu. Kwa hiyo kama kazi zako zote ni ndani ya chumba kimoja, mikutano, semina, mahojiano, kamera mbili mezani, chukua Mini, usinifuate mimi.

La pili ni tundu la tatu la SDI. Kule Unguja niliijaribu kwa dakika kumi, kila kitu kikawaka, nikalipa. Nyumbani, baada ya dakika arobaini ikiwa imepata moto, picha ya tundu hilo ikaanza kuruka. Nilimpigia muuzaji. "Dada, kitu cha mtumba hakirudi," basi. Nilikasirika sana, na mpaka leo naona alijua. Nilimpelekea ami mmoja anayetengeneza redio na televisheni. Alipofungua akanionesha mguu wa tundu umeachia kwenye bodi, risasi ya kuunganishia imepasuka, na pembeni ukijani wa kutu. "Hawa walikuwa wanavuta waya kwa nguvu, mwanangu, halafu chumvi ikamalizia." Alilichoma upya, likakaa miezi mitatu, likarudia. Sasa nimelibandika utepe mweusi na matundu saba yananitosha.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na kamera yako na waya wako. Iwashe saa nzima, ikiwezekana mbili, na kila tundu lipewe zamu yake ya kujaribiwa ikiwa mashine imeshapata moto. Tikisa kichwa cha waya kidogo kidogo huku unaangalia picha. Chungulia ndani ya BNC kwa tochi ya simu, kutu inaonekana. Sikiliza feni. Programu ya kuiendesha ni ya bure kwenye tovuti ya watengenezaji, lakini toleo la kwenye kompyuta na la ndani ya mashine lazima yalingane. Yangu ilikuwa na toleo la zamani ikagoma kuunganika hadi nilipoichomeka kwa USB na kuipandisha. Usifanye hilo asubuhi ya harusi. Vitufe vya mbele vinakata picha hata bila kompyuta, na mara mbili vimeniokoa laptopu ilipozimika.

Nunua na UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshika vifaa umeme ukikatika. Mashine haina betri, umeme ukipepesa tu inaanza upya, na sekunde zile shuka jeupe linabaki tupu mbele ya watu mia mbili. Ndogo tu inatosha kushika mashine na projekta mpaka jenereta liwake.

Sauti ilinichukua muda kuipatia. Kama ukumbi uko karibu na msikiti, spika za msikitini zinasikika moja kwa moja, halafu sauti ya mashine inafuata nyuma kidogo kama mwangwi. Siku hizi ukumbini nazima spika zangu, naacha ya msikiti itawale, na yangu naitia kwenye kinasa tu.

Mwezi ujao nina harusi mbili Wete, na moja msikiti uko mbali zaidi ya mita mia. Nimeshaagiza kiboksi cha kuipa nguvu SDI katikati ya njia, na ami ameahidi kulichoma tena lile tundu la tatu.