Kusugua rangi ya Harrier nyumbani: klei, kampaundi na mashine isiyo na jina

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Kampaundi ya Meguiar's, yaani dawa nzito ya kusugulia mikwaruzo ya rangi, imenitendea haki. Mashine ya kusugulia ya bei nafuu niliyoinunua Kariakoo imefanya nusu ya ilichoahidi. Na kilichonishangaza kuliko vyote ni kipande cha klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi, kinachoenea kiganjani, kitu ambacho wauzaji wengi hata hawakitaji mpaka ukiulizie.

Gari lenyewe ni Harrier, ile tunayoiita tako la nyani, nyeusi. Kwenye kibati kilichomo ndani ya boneti namba ya rangi ni 202, weusi mtupu usio na chenga za kumetameta. Mwenye rangi hii ananielewa. Ukiifuta vumbi kwa kitambaa kikavu asubuhi, jioni chini ya taa za sheli unaona ulichokifanya: mikwaruzo midogomidogo imeizunguka taa kama utando wa buibui. Langu lilikuwa limeoshwa miaka kadhaa pembeni ya barabara kwa sabuni ya unga, kwa kitambaa kilekile kilichotoka kusugua rimu. Simlaumu kijana anayeosha. Kwa pesa ile tunayompa, hata maji anayamwaga kwa hesabu.

Kwanza nilipita kwa fundi rangi mmoja mjini. Akalizunguka gari, akapiga boneti kwa vidole, akasema, "Bosi, hii tunaipiga msasa wa elfu mbili, tunashusha kampaundi, jioni unakuja kuchukua gari mpya." Nikamuuliza, na klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, itabaki kiasi gani? "Klia ipo tu, bosi." Jibu hilo ndilo lililonirudisha nyumbani. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, wembamba kuliko unywele wa kawaida, na ndiyo inayozuia jua lisiile rangi iliyo chini yake. Msasa unaila klia hiyo haraka, na ikishaisha hakuna polishi ya kuirudisha, ni kupiga rangi upya. Mafundi wazuri wa msasa wapo, tena wengi. Ila fundi asiyejua imebaki kiasi gani simpi gari.

Maji ndiyo yaliyonisumbua kuliko nilivyotarajia. Huku kwetu Tabata maji ya kisima tunayotumia yana chumvi, na ukiliacha gari likauke lenyewe juani, kila tone linaacha duara jeupe. Boneti langu lilikuwa limejaa madoa hayo. Nilichanganya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, nikalowanisha kitambaa, nikakiweka juu ya madoa kwa muda mfupi kwenye kivuli, nikasuuza. Mengi yaliondoka hapohapo, kwa kuwa yalikuwa chumvichumvi tu iliyokaa juu. Machache yalibaki kama alama iliyochimbwa, na hayo yakasubiri kampaundi. Tangu siku hiyo kusuuza kwa mwisho natumia maji ya bomba ninayoyahifadhi kwenye simtanki, na gari silianiki. Nalikausha kwa taulo nene la maikrofaiba, nalilaza juu ya bodi kisha nalivuta taratibu bila kukandamiza.

Kuosha kwenyewe ni ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu kabla haijarudi kwenye sabuni. Unaanza na ruf, unashuka, milango ya chini mwisho. Rimu zina ndoo yake na brashi yake. Hapa hakuna ujanja wa kununua. Ukizingatia hili tu, mikwaruzo mipya inapungua sana hata usipogusa polishi maisha yako yote.

Sasa klei. Baada ya kuosha gari liking'aa nilidhani limetakata. Vaa mfuko laini wa plastiki mkononi kisha pitisha vidole juu ya rangi. Rambo hatuna tangu Juni 2019 zilipopigwa marufuku, kwa hiyo mimi nilitumia mfuko wa mkate. Mkono mtupu hausikii kitu, lakini ndani ya mfuko ule ruf ilikuwa inakwaruza kama imepakwa mchanga. Ni vipande vya chuma vinavyoruka kwenye breki, utomvu wa miti, lami, rangi ya ukuta wa jirani aliyepuliza siku ya upepo. Vyote hivyo vimeng'ang'ania, na sabuni haiving'oi.

Klei unaikata kipande kidogo, unakikanda mpaka kilainike, unakibonda kiwe bapa. Unapuliza kilainishi (maji yenye matone machache ya shampuu yananitosha), halafu unateleza nacho mbele na nyuma bila nguvu, sehemu ndogo kwa wakati. Mwanzoni kinakwama na kutoa sauti ya kukwangua. Baada ya kupita mara kadhaa sauti inakata na mkono unateleza wenyewe. Geuza kipande uangalie: madoa ya kahawia na vinukta vyeusi vimenasa. Unakikunja uchafu uingie ndani, unatoa uso mpya, unaendelea. Kikianguka chini, kitupe hata kama ni kipya. Punje ya mchanga iliyonasa mle itachora gari zima, na huwezi kuitoa.

Mlango wa nyuma ulipokwisha, jirani yangu, mzee wa miaka mingi mtaani, akasimama getini. "Kijana, gari unalisugua au unalisomea dua?" Shikamoo mzee, vyote viwili. Akaingia, nikampa mfuko wa mkate auvae, akagusa upande uliopita klei na upande ambao bado. Hakusema kitu, ila kesho yake alikuja kuuliza inauzwa wapi.

Kabla ya mashine nilibandika maskintepu, ile gundi ya karatasi ya mafundi rangi, kwenye plastiki nyeusi zote, mipira ya vioo, na kingo kali za fenda na milango. Plastiki ikishika kampaundi inabaki na ukungu mweupe ambao kuutoa ni kazi nyingine. Kingo ni kwa sababu rangi huwa nyembamba pale, na pedi, ile sponji ya mashine, inaila haraka.

Kuhusu mashine, chagua ile ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba. Ile ya mzunguko mmoja, ambayo mafundi wengi wanaitumia na pedi ya manyoya, inakata haraka sana, ila mkono usiozoea unachoma rangi kwa kutulia mahali pamoja, au unaacha yale mawimbi ya mwanga unayoyaona kwenye magari meusi yaliyotoka gereji jana. Ya kuyumba inasamehe. Yangu haina jina la maana. Kibandiko kinasema wati 900, lakini ukiikandamiza kidogo pedi inaacha kuzunguka, inatetemeka tu. Dawa yake ni kuchora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye sahani inayobeba pedi. Mstari ukionekana umesimama, hukati chochote, legeza mkono. Juu ya boneti na ruf ilikwenda vizuri. Kwenye bampa lenye mikunjo ilisimama kila mara, nikamalizia kwa mkono. Pia inapata moto, na pedi mbili za mwanzo zilizokuja nayo zilibanduka gundi. Ukipewa nafasi ya kuchagua, punguza matumizi mengine uongeze kwenye pedi.

Wauza mtumba wa Japani nao wana mashine nzuri za chapa kubwa. Angalia kibati chake kwanza: Japani wanatumia umeme wa volti 100, sisi 230. Bila transfoma ya kushusha umeme unaiunguza wakati wa kuijaribu.

Kampaundi niliyotumia ni Meguiar's Ultimate Compound, na nimeipenda kwa sababu inaweza kutumika kwa mkono au kwa mashine, haikauki upesi, na inafutika bila ugomvi. Matone manne ya ukubwa wa punje ya kunde kwenye pedi, eneo la nusu mita kwa nusu mita. Spidi ya chini kabisa kusambaza, halafu namba 4 au 5, mwendo wa polepole, mistari ya kwenda na kurudi kisha ya kukatiza. Futa, angalia kwa tochi ya simu. Tochi ndiyo hakimu. Kivulini kila gari ni jipya. Kila baada ya eneo moja nilisugua pedi kwa brashi, vinginevyo vumbi la rangi na kampaundi iliyokauka linaziba sponji.

Fanya alfajiri au jioni. Saa tano ya Dar boneti jeusi haligusiki, na kampaundi inakaukia hapohapo. Na usikimbilie kivuli cha mwembe, majani na utomvu vitakurudisha kwenye klei. Mimi nilifunga turubai. Umeme ukakatika katikati ya ruf, basi siku hiyo ikawa imeishia hapo.

Matokeo? Boneti na milango utando wote umeondoka. Ile mistari mirefu ya funguo na matawi bado ipo, nami nimeiacha kwa makusudi. Kipimo changu ni ukucha: ukipita ukakwama, mkwaruzo umekwenda chini kuliko unavyopaswa kuufuata. Kwenye ruf kuna alama ya kinyesi cha kunguru iliyokaa siku nyingi juani ikaila klia. Imefifia, haijatoka, na haitatoka kwa mikono yangu. Kunguru wa Dar hawana adabu wala ratiba. Kwenye buti sasa naweka chupa ya maji na taulo, nikikuta doa nalilowanisha kwanza lilainike, kisha nainua, sisugui.

Kabla ya kupaka kinga nilifuta kila sehemu kwa alkoholi ya isopropili ya duka la dawa, niliyoizimua kwa maji. Mafuta ya polishi yanaweza kujaza mikwaruzo kwa muda, ukafurahi leo, mvua mbili baadaye ukaiona tena. Sehemu mbili za fenda zilinifichukia hivyo nikazirudia.

Kinga yenyewe nilisita. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi na michikichi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inaupa weusi kina kizuri sana, ila kwa jua letu haidumu. Silanti ya kupuliza, yaani kinga ya kiwandani inayofanya kazi ya nta, haina mvuto ule machoni lakini inakaa miezi, na kuipaka ni kazi ya nusu saa, basi nikaenda nayo. Seramiki, ile kinga ya maji inayogandia juu ya rangi ikawa ngumu, naipisha kwanza. Wauzaji wanakuonyesha video za kuwasha kiberiti juu ya boneti na kukuambia ugumu ni 9H. Hiyo 9H ni kipimo cha penseli, yaani penseli ngumu haikuikwaruza. Changarawe ya Morogoro Road si penseli.

Taa za mbele zilizokuwa za njano nilizipiga kampaundi hiyohiyo zikaangaza, lakini bila kinga ya jua juu yake unjano unarudi, kwa hiyo msinunue chupa nzima kwa ajili ya taa.

Kwa anayeanza: shampuu ya gari, glovu, mataulo ya maikrofaiba ya kutosha, klei, na silanti. Vitano hivyo vinakufikisha mbali, na jumla yake kwangu ilikuwa ndogo kuliko bei ya yule fundi wa msasa. Kampaundi ifuate baadaye, jaribu kwanza kwa mkono kwenye eneo dogo la mlango. Gari lako likiwa jeupe la zamani, usishtuke pedi ikitoka nyeupe; baadhi ya Toyota nyeupe za rangi 040 hazikuwekewa klia, kinachotoka ni rangi yenyewe, kwa hiyo mkono uwe mwepesi zaidi.

Mashine naitunza kwa sasa. Shemeji ameshaiomba kwa ajili ya IST yake, nami nimemwambia aje, ila pedi anunue mwenyewe, na aanze na ndoo mbili.