Adapta ya mini-VGA: ipi ununue kwa laptopu ya zamani

Kabla ya kutoa pesa, mulika tochi ya simu ndani ya tundu la laptopu. Mini-VGA, yaani tundu dogo la VGA la kupeleka picha kwenye skrini ya nje, ina safu mbili za pini. Ukiona safu nne, hiyo ni mini-DVI, na adapta yake ni nyingine kabisa. Jina la mashine peke yake halitoshi: PowerBook G4 ya Apple ya inchi 12 ilianza na mini-VGA, lakini toleo la Septemba 2003 likahamia mini-DVI. Kama laptopu ni ya Sony au HP, usikisie na adapta ya Apple. Tafuta ya kampuni yenyewe.

Kwa iBook, laptopu nyingine ya Apple, chaguo la kwanza ni adapta fupi halisi ya kampuni hiyo, M8639G/A, hata ikiwa ya mtumba, na waya wa kawaida wa VGA hadi kwenye projekta. Waya ukiharibika, unabadilisha waya tu. Kwenye waya huo, angalia pini ya 12 na ya 15: ndizo zinazoiambia kompyuta ni skrini gani iliyounganishwa. Zikikosekana, picha huweza kuja kwa vipimo visivyofaa au isije kabisa.

Ya pili, kwa televisheni za sasa, ni adapta hiyo hiyo ukiongeza kigeuzi cha VGA kwenda HDMI. Hapa ndipo wengi huuziwa kitu sicho. Vile vya HDMI kwenda VGA vinafanana navyo sana, ila havifanyi kazi kinyumenyume. Chukua chenye waya wa USB wa umeme na tundu la sauti la milimita 3.5, maana VGA haibebi sauti. Waya mtupu usio na chipu, uache dukani.

Ya mwisho ni adapta ya S-Video na RCA ya manjano, yaani matundu ya picha ya televisheni za zamani. Filamu itaonekana, maandishi madogo hayasomeki.

Iwe ni Mwembe Tayari au Moi Avenue hapa Mombasa, nenda na laptopu na chaja, ujaribu papo hapo. Fungua ukurasa mweupe. Ukiwa wa manjano, laini ya buluu imekatika. Ukiwa wa waridi iliyokolea, ni ya kijani. Ukiwa wa samawati, ni nyekundu. Tikisa kichwa cha adapta kidogo: picha ikipepesa, usiichukue. Hewa yetu ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye pini. Ukiwa mwepesi, spiriti na mswaki mkavu huutoa. Ukiwa umekula chuma, tafuta nyingine.