Darasa la picha za mkanda Kinondoni, mrejesho wangu

Jamani niliahidi kuleta mrejesho, huu hapa. Mimi ni mpiga picha wa send-off na kipaimara, mwaka wa saba huu, na kinachoniudhi kuliko vyote ni mteja ukimtajia bei anajibu "si unabonyeza tu". Sasa mshkaji akaniambia kuna jamaa Kinondoni wana studio ndogo wanafundisha kupiga na kusafisha picha za mkanda, siku mbili 80,000 na chai juu, nikasema ngoja nikajionee.

Asubuhi ya kwanza nusura niondoke. Nilijua tunashika kamera, kumbe historia kwanza, masaa mawili, feni moja watu 14. Ila mwalimu anajua kusimulia bwana. Alipofika kwenye Kodak ya 1888 nikakaa sawa: kamera inauzwa na mkanda wa picha 100 ndani, ukimaliza unairudisha kiwandani hivyohivyo, wanakusafishia picha na kukuwekea mkanda mwingine, na tangazo lao lilisema wewe bonyeza kitufe, mengine tuachie sisi. Yaani maneno ya wateja wangu waliyaanza wauza kamera wenyewe! Ndo maana wapiga picha kina Alfred Stieglitz kule New York ikabidi wafungue galari 1905, wakatundika picha ukutani kama michoro ili watu wakubali kuna jicho nyuma ya kitufe.

Kilichoniingia zaidi lakini ni Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Studio alifungua 1948, pazia lake la kwanza la nyuma ni shuka la kitandani kwake, na kwa kawaida mteja mmoja anampiga picha moja tu maana vifaa ni gharama. Moja! Mimi harusi moja natoka na elfu mbili halafu nahangaika kutafuta nzuri. Leo picha zake zinawekwa makumbusho.

Mchana ndo chumba cha giza, na hapa hela yangu naona ilienda kihalali. Ni kibafu cha zamani, dirisha limezibwa na nailoni nyeusi, taa nyekundu, mabeseni matatu. Unazamisha karatasi nyeupe peee kwenye dawa, unatikisa beseni taratibu, mara nyusi zinatokea, halafu kola, halafu mtu mzima anakuangalia. Nilipiga kelele kama mtoto. Kwa kiherehere nikaichomoa nikatoka nayo juani nikawaonyeshe wenzangu, bila kuipitisha beseni la mwisho, ikaanza kuwa nyeusi mkononi kwangu naiona! Mwalimu akacheka, akasema pole, mwenzio Thomas Wedgwood wa Uingereza yalimkuta hayohayo, ripoti yake ya 1802 inasema picha anazipata ila mwanga unazila, mpaka zitazamwe gizagiza. Ilikuja kujulikana 1839 kupitia mwanasayansi John Herschel kwamba kuna dawa inayozituliza, inaitwa haipo (Kiingereza wanaandika hypo). Ndio, ipo kwenye beseni ila jina haipo, tulicheka sana hapo.

Siku ya pili, ambayo ni ya sinema, wameilipua. Umeme ulikatika saa nne, jenereta hawana, na wale ndugu Lumière wa Ufaransa na onyesho lao la sinema la Paris la 1895 tukasimuliwa tu kwa mdomo. Muvi bila kuona muvi, kweli? Kilichookoa ni jaribio la Kuleshov, yule Mrusi aliyechukua uso uleule mmoja akaubandika mara na supu mara na jeneza, watu wakadhani muigizaji kabadilika sura. Tulirudia kwa simu, uso wa dada mmoja tuliyekuwa naye, kwanza na chipsi mayai halafu na bili ya hospitali. Uso ni uleule, ila kwenye bili nilimuonea huruma kabisa!

Nawapa nne kwa tano. Wanunue jenereta, wapunguze watu. Ukienda vaa nguo usiyoijali, dawa ikirukia haitoki, shati langu jeupe la harusini sasa hivi nadekia.