RAM ya Kingston ya 8GB kwenye Dell OptiPlex 7010: nzuri, lakini soma lebo kabla ya kulipa

Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 bado inafanya kazi kwenye ofisi nyingi, maabara za shule na maduka ya stationery. Zile zilizotolewa maofisini Ulaya na kuuzwa tena kama mtumba huja mara nyingi na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya 4GB tu. Prosesa yake, kwa kawaida Core i5-3470, bado ina nguvu ya kutosha kwa Excel, kivinjari chenye kurasa kumi na tano na programu ya uhasibu. Kinachoikaba ni RAM.

Kipande tunachokizungumzia hapa ni Kingston ValueRAM, namba KVR16N11/8: 8GB, kizazi cha DDR3, kasi ya 1600, CL11 (kipimo cha muda wa kusubiri), volti 1.5. Viwili vinakupa 16GB, na kwa mashine hii hicho ndicho kiwango tunachokipendekeza. Tathmini hii inahusu makasha ya MT (mnara), DT (la kulala) na SFF (dogo), yenye sloti nne na uwezo wa kufika 32GB. Ile ndogo kabisa ya USFF ina sloti mbili tu, nayo tunaiacha pembeni.

Tahadhari moja kwa wanaonunua kwa njia ya mtandao: mwaka 2023 Dell walilirudisha jina hilohilo la OptiPlex 7010 kwenye kompyuta mpya kabisa. Hizo hazitumii DDR3. Ukitafuta "RAM ya 7010" bila kuangalia, unaweza kuletewa DDR4 yenye pini 288 wakati sloti yako ni ya pini 240, na haitaingia hata ukiilazimisha. Njia rahisi ya kujua unayo ipi ni prosesa. Ya zamani kwa kawaida ina Core i3, i5 au i7 ambayo namba yake inaanzia na 3, kama 3220, 3470 au 3770.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha tatizo ni RAM kweli. Fungua programu zote unazotumia siku ya kazi kwa pamoja, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc na uende kwenye Performance, halafu Memory. Hapo hapo utaona umetumia kiasi gani na sloti ngapi zimejazwa. Kama matumizi yamepita asilimia 85 na diski nayo inahema kwenye asilimia 100, RAM imejaa na Windows inahamishia kazi kwenye diski. Lakini kama tayari una 8GB, matumizi yako kwenye asilimia 50, na mashine bado inachukua dakika nzima kuwaka, RAM haitakusaidia chochote. Hapo weka pesa yako kwenye SSD (diski ya chipu, yenye kasi).

Sasa tuje kwenye lebo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa.

Kwenye kila kipande cha RAM kuna stika yenye mstari unaofanana na huu: 8GB 2Rx8 PC3-12800U. Uchambue kidogo kidogo. PC3 maana yake ni DDR3. Namba 12800 ni kasi ya 1600. Ukiona 10600 ni kasi ya 1333, ambayo nayo inafanya kazi ila itavishusha vipande vyote hadi 1333. Herufi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani, na ndiyo unayoitaka. S ni ya laptopu, fupi, haiwezi kukaa. R ni ya seva: inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, pini 240 zilezile, mkato mahali palepale, lakini kompyuta haitawaka. E ni ya aina ya ECC (inayojirekebisha makosa), na chipuseti ya Q77 (chipu inayosimamia ubao mama) iliyo kwenye 7010 haina msaada wa ECC, kwa hiyo usiinunue. RAM za seva zilizotolewa kwenye mashine zilizostaafu ni nyingi sokoni na ni za bei rahisi, na muuzaji asiyejali atakuambia "DDR3 ni DDR3". Si kweli. Hata bila lebo unaweza kuzitambua: hesabu chipu kubwa nyeusi upande mmoja. Zikiwa nane ni sawa. Zikiwa tisa, irudishe kabatini kwake.

Sehemu ya 2Rx8 ndiyo watu hawaisomi kabisa, na ndiyo inayoleta balaa kubwa. Inaeleza jinsi chipu zilivyopangwa: x8 maana yake kila chipu inapitisha biti 8 kwa mara moja. Prosesa za Intel za kizazi hiki zinasoma RAM za mezani zenye chipu za x8, na kila chipu isizidi gigabiti 4. Kingston KVR16N11/8 ina chipu 16, nane kila upande, za gigabiti 4 kila moja (gigabiti 8 ni GB 1, kwa hiyo jumla 8GB), na ndiyo maana inakubali bila ubishi. Kuna RAM nyingine za 8GB zinazouzwa kwa bei ya chini sana zikiwa na maneno "AMD" au "AMD only" kwenye tangazo au kwenye stika (AMD ni kampuni nyingine ya prosesa, mshindani wa Intel). Hizo zina chipu za x4, ambazo prosesa za Intel za mezani hazizisomi. Ukiiweka kwenye 7010, feni inazunguka na kioo kinabaki cheusi. Muuzaji wa mtandaoni ameandika AMD, kwa hiyo hata kurudishiwa pesa inakuwa vigumu. Vilevile ogopa kipande kimoja cha DDR3 cha 16GB, au cha 8GB chenye chipu nane tu kwa jumla. Chipu zake ni za gigabiti 8, na 7010 haizijui.

Ukiona PC3L badala ya PC3, hiyo ni DDR3L ya volti 1.35. Zile za kampuni zinazojulikana zinakubali volti 1.5 pia, kwa hiyo kwenye 7010 zinafanya kazi bila shida. Kama duka lina KVR16LN11/8 na halina ile nyingine, chukua.

Je, lazima iwe Kingston? Hapana. Kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, utakuta RAM used za Samsung na Hynix zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi, na ubora wake tunauamini kabisa; ndizo Dell wenyewe walikuwa wakizifunga kiwandani. Kwa Samsung tafuta namba inayoanzia M378B1G73, kwa Hynix HMT41GU6. Samsung inayoanzia M393 ni ya seva, M391 ni ECC, M471 ni ya laptopu. Ukiyakariri hayo mafupi, hakuna wa kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Tunachokwepa ni vipande visivyo na namba yoyote inayosomeka, vyenye stika ya rangi nzuri na jina ambalo hujawahi kulisikia.

Faida ya Kingston ikiwa mpya ni dhamana ya maisha ya bidhaa na uhakika wa kupata viwili vinavyofanana. Upungufu wake ni kwamba Kingston hatengenezi chipu zake mwenyewe. Vipande viwili vyenye namba ileile ya KVR, vilivyonunuliwa miaka tofauti, vinaweza kuwa na chipu za viwanda tofauti. Mara nyingi vinaelewana, ila nunua viwili siku moja ili kuondoa mashaka.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme nyuma, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua kasha, gusa chuma tupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, na usivae sweta la sufu. Kama kuna nyaya au kishikio cha diski kinachoziba sloti, kisogeze kwanza badala ya kupenyeza vidole kwa shida.

Kompyuta ya miaka zaidi ya kumi ina vumbi. Lipulize kabla ya kuchomoa chochote, maana ukichomoa RAM kwanza vumbi lote litaingia ndani ya sloti tupu. Meno ya dhahabu ya RAM used yasafishe kwa kitambaa laini chenye spiriti ya isopropili. Mafundi wengi hutumia kifutio cha penseli. Kinasafisha, lakini huacha makombo, na kombo moja likiingia kwenye sloti linazuia pini.

Sloti zimeandikwa DIMM1 hadi DIMM4. Jozi ya kwanza, DIMM1 na DIMM2, ina klipu nyeupe. Weka vile viwili vya 8GB hapo, ili RAM ifanye kazi kwa njia mbili kwa pamoja: GB 12.8 kwa sekunde kwa kila njia, jumla 25.6. Ukivipanga vibaya vyote vikaangukia njia moja, unapoteza nusu ya kasi hiyo, na utaisikia zaidi kwa sababu grafiki ya HD 2500 iliyo ndani ya i5-3470 haina kumbukumbu yake, inakopa hiyohiyo ya RAM. Kama ulikuwa na viwili vya 4GB, vihamishie kwenye klipu nyeusi na utapata 24GB. Kuchanganya hivyo hakuna tatizo mradi kila jozi ifanane.

Fungua klipu zote mbili za sloti, linganisha mkato wa RAM na kigingi cha sloti, kisha sukuma chini wima kwa vidole gumba viwili, kimoja kila ncha, mpaka klipu zijifunge zenyewe kwa mlio. Inahitaji nguvu kuliko unavyotarajia. Ukiona meno ya dhahabu bado yanaonekana upande mmoja, haijakaa. Hilo ndilo kosa la kwanza kulitafuta kompyuta isipowaka, kabla ya kumlaumu muuzaji.

Ukiwasha mara ya kwanza, inaweza kukawia, au kujizima na kujiwasha yenyewe. Usichomoe waya, inapima RAM mpya. Ikitokea ujumbe kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, endelea. Lakini kikibaki kioo cheusi na kitufe cha kuwashia kikawa cha rangi ya chungwa, acha kipande kimoja tu kwenye DIMM1 ujaribu, halafu kibadilishe na kingine. Hapo utajua kama mbovu ni kipande au sloti.

Kuna tatizo moja linalowapoteza hata mafundi. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikiwa imekufa, kuchomoa umeme kunafuta mipangilio ya BIOS (programu ya msingi ya ubao mama). Saa inarudi nyuma miaka, na kibaya zaidi, SATA Operation (namna ubao unavyowasiliana na diski) inarudi kwenye RAID On. Kama Windows ilifungwa ikiwa kwenye AHCI, ambayo ni namna nyingine, utapata kioo cha bluu na wote mtasema RAM ni mbovu. Kabla ya kuanza kazi, ingia BIOS kwa F2 na uandike mpangilio uliopo. Ukishafunga, urudishe kama ulivyokuwa, na ununue betri mpya, ambayo ni ya bei ndogo sana.

Windows ikisema 16GB imefungwa lakini inayotumika ni 3.2GB, Windows yako ni ya biti 32, na RAM haina kosa. Itabidi ufunge ya biti 64. Kama tayari ni ya biti 64, fungua msconfig, nenda Boot, kisha Advanced options, na uhakikishe kisanduku cha Maximum memory hakina alama. Na usishtuke CPU-Z (programu ya kuonyesha taarifa za prosesa na RAM) ikionyesha 800 MHz badala ya 1600. DDR hupeleka data mara mbili kwa kila pigo la saa, kwa hiyo 800 ndiyo 1600 yenyewe. Kwenye ukurasa wa SPD (taarifa zilizohifadhiwa ndani ya kipande cha RAM) hapohapo, namba ya Kingston inaweza kuonekana ikianzia na 99U5 badala ya KVR. Hiyo si dalili ya bandia, mradi ilingane na namba ndogo iliyo kwenye stika.

Mwisho pima kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, usiku kucha kama unaweza. Toleo la bure linafanya mizunguko minne, nayo inatosha. Kosa hata moja maana yake kipande kirudi dukani. Makosa machache ya RAM hayazimi kompyuta. Yanaharibu faili kimyakimya, na kwenye kompyuta ya hesabu za duka hilo ni jambo zito.

32GB kwenye 7010 hatuipendekezi isipokuwa kwa anayeendesha mashine pepe kadhaa au kuhariri picha kubwa. Prosesa itachoka kabla RAM hiyo haijajaa. Kumbuka pia kwamba Microsoft walimaliza msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za kizazi cha tatu. Ukiwa na 16GB na SSD, Linux Mint inaendesha mashine hii vizuri sana.

Dukani, omba mambo mawili yaandikwe kwenye risiti: namba kamili ya kipande, na siku za kurudisha zisizopungua saba. Ukiweza, beba kompyuta yako yenyewe na RAM ijaribiwe hapohapo kaunta. Muuzaji anayeijua bidhaa yake hatakataa.