Siku zangu tatu Mwanza: sato, mawe na pimbi wa Saanane

Wengi wetu wa Dar tunaijua Mwanza ya kupita: unashuka Nyegezi, unaunganisha basi la Geita au Bukoba, imeisha. Nami nimeipita hivyo miaka yote. Safari hii nilikwenda kumtembelea wifi yangu anayeishi Nyamanoro, nikakaa siku tatu, na ninasikitika kwamba sikufanya hivyo mapema.

Nianze na chakula, maana ndiko nilikoumia kwanza. Jioni niliyofika niliingia mgahawa mmoja wa ufukweni, meza safi, ziwa hili hapa. Nikaagiza sato wa kuchoma. Nilisubiri saa moja na nusu, akaja mkavu nje, ndani nyama imelegea kama ya samaki aliyekaa friza wiki nzima. Shilingi 35,000. Iliniuma sana, tena ziwa lenyewe nikiliona pale nilipoketi.

Asubuhi nilipomsimulia wifi, hakusema neno. Alichukua khanga yake tukaenda Mwaloni, Kirumba. Harufu ya dagaa inakupokea kabla hujaliona soko. Ndani ni magunia ya dagaa kila upande, na kayabo, yaani sangara waliokaushwa kwa chumvi, wamepangwa kama mbao. Ukitaka kupiga picha, omba kwanza. Watu wako kazini.

Saa nne hivi tukaingia kwa mama lishe mmoja jirani na pale, wapakiaji wakiwa tayari wanakula ugali. Wifi akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na mama akatuita jikoni tuchague samaki wenyewe. Alimshika sato mmoja, akafunua shavu kwa kidole gumba: matamvua ndani mekundu, yanang'aa. "Shavu likiwa la kijivu, mwanangu, mwache hapo hapo. Hata wakikwambia ametoka majini leo." Akambonyeza ubavuni, nyama ikarudi mahali pake. Kisha akamchanja mara tatu kila upande, akampika chukuchuku: nyanya, kitunguu, chumvi, ndimu, hakuna tone la mafuta. Ugali ulikuwa wa muhogo uliochanganywa na mahindi, mzito, unavutika ukiumega. Ule mchuzi mwepesi ukiuchovya pale ndipo unaelewa kwa nini watu wa huku hawataki samaki wa nazi. Tulilipa 7,000 kila mmoja. Kichwa nilikula mwenyewe, na ninakushauri usimwachie mtu cha kwako.

Kisiwani Saanane nendeni asubuhi. Boti inaondokea Capri Point na ni dakika chache tu majini. Kisiwa kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na jina ni la mzee aliyekuwa akiishi na kulima pale kabla ya hapo. Usitegemee makundi ya Serengeti. Utaona swala pala, kenge, mijusi yenye vichwa vyekundu, na pimbi wanaoota jua juu ya mawe. Yule mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio marefu, ndugu yake wa karibu kwa ukoo ni tembo! Mhifadhi alipotueleza, mtoto wa wifi hakukubali hadi tunarudi. Vaeni viatu vya kukamata, kwa sababu njia ya kupanda kileleni ni mawe matupu, na kule juu unaliona jiji zima lilivyojibanza kwenye miamba, nyumba juu ya nyumba. Kuogelea ziwani sikushauri kabisa, kichocho kipo, na mamba pia.

Jiwe la Bismarck, lenye jina la yule kansela wa Ujerumani, linatosha nusu saa, magharibi jua likizama. Liko karibu na kivuko cha Kamanga.

Bujora niliifika siku ya mwisho kwa haraka, na hapo nilikosea. Panda daladala la Kisesa, kisha bodaboda. Ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement, na jengo la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Itengee nusu siku. Ukiweza kwenda Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, utakuta tamasha la Bulabo, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana kucheza, na chatu mikononi mwa wachezaji.

Wakati wa kuondoka wifi alinifungia mfuko wa michembe na mwingine wa matobolwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi, mpaka uvichemshe. Matobolwa vimechemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, kwa hiyo unatafuna hivyo hivyo, vitamu, vigumu kidogo. Basi lilipofika Singida, mfuko wa matobolwa ulikuwa umebaki nusu.