Mafunzo ya hesabu na mafunzo ya kujituma: mfano wa Lomé

Mjini Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika makundi matatu: la kwanza lilifundishwa hesabu, masoko na usimamizi wa fedha kwa njia ya kawaida, la pili lilifundishwa kujituma, yaani kutafuta fursa bila kusukumwa na kutokata tamaa mambo yanapokwama, la tatu halikupewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa mafunzo ya kujituma yaliongeza faida kwa asilimia 30, ilhali yale ya kawaida yaliiongeza kwa asilimia 11 tu, kiasi ambacho kitakwimu hakikuwa cha uhakika.

Sishangai. Fundi cherehani mwenye daftari safi anajua kwa hakika kwamba wiki hii hakuuza. Mwenzake anayejituma huokota vipande vya kitenge vilivyobaki chini ya meza, akashona vipochi na kuvipeleka sokoni kabla mteja hajabisha hodi. Ningelazimika kuchagua, ningeanza na kujituma. Hata hivyo, daftari si la kudharauliwa, kwa kuwa bila hilo fundi huyu hatajua kama vipochi vinamlipa kuliko magauni.